Mji Wenu Unakuzeesha

Lifti ilikuwa imeharibika siku dada alipofika. Nilimpokea chini ya jengo, nikachukua begi moja naye akachukua la pili, tukaanza kupanda. Ninakaa ghorofa ya sita. Tulipofika ya tatu nilikuwa nimeshaacha kuongea. Ya nne nikatua begi, nikashika ukuta. Yeye alikuwa ametangulia. Akageuka, akanitazama, akashuka ngazi alizokwisha kupanda, akalichukua begi langu juu ya lake.

Dada amenizidi miaka kumi na mmoja.

"Mdogo wangu," alisema, na pumzi zake zilikuwa shwari kama za mtu aliyeketi, "mji wenu unakuzeesha."

Hakuwa ananicheka. Alisema kama mtu anayekuonyesha doa mgongoni mwa nguo kabla hujatoka mbele za watu.

Maneno hayo yamekaa nami tangu siku hiyo, na sasa ni wiki ya saba. Yamenisumbua kwa sababu kila nilipoyageuza yalikuwa na sura mbili. Ikiwa mji ndio unaonizeesha, basi kuna kitu kinanipunguza kila siku bila mimi kukiona, na kinawapunguza majirani zangu wote. Ikiwa si mji, basi ni mimi, na mji nausingizia. Tumetoka tumbo moja, mimi na dada. Kazi zetu zinafanana: sote tunakaa mbele ya kompyuta kuanzia asubuhi. Haendi jimu, hakimbii, hana siku maalumu ya mazoezi. Tofauti kubwa ninayoiona kati yetu ni mahali tunapoishi.

Usiku ule tulilinganisha simu. Wastani wake wa mwezi ulikuwa hatua 8,900 kwa siku.

Wangu ulikuwa 3,100.

## Msimamo wa ligi

Nilianza pale ambapo karibu kila mtu angeanza, kwenye orodha. Magazeti na taasisi hupenda kuipanga miji kuanzia ule wenye watu wakakamavu hadi ule wenye watu wazito, kama msimamo wa ligi. Orodha iliyoandaliwa kwa umakini kuliko zote nilizosoma ni American Fitness Index, ambayo American College of Sports Medicine imekuwa ikiitoa tangu 2008. Siku hizi inalinganisha miji mikubwa 100 ya Marekani. Inaangalia watu wenyewe: wangapi wanafanya mazoezi, wangapi wanavuta sigara, wangapi wanapata usingizi wa kutosha, wangapi wana kisukari. Kisha inaangalia mji: hewa yake ikoje, bustani ziko karibu kiasi gani, waenda kwa miguu wangapi wanagongwa na magari na kufa. Yote yanapewa alama, yanajumlishwa, na mji unapata nafasi yake.

Tangu 2018 Arlington, Virginia, imekuwa ikiongoza mwaka baada ya mwaka.

Nikafungua ramani. Arlington iko ng'ambo ya mto Potomac, mkabala na Washington. Makao makuu ya jeshi, Pentagon, yako huko. Wakazi wake wengi wamesoma vyuo vikuu, wana mishahara mizuri, na wengi bado wako katika umri wa nguvu. Nikajiuliza: mji huo umewapa afya hiyo, au walihamia nayo, wakaifungasha pamoja na vyombo vyao?

Orodha haijibu. Inatuambia watu wa pale wako hivi, na mji wao uko hivi, kisha inaviweka vitu hivyo viwili kapu moja. Mtu akisoma haraka ataondoka akiamini kimoja kimezaa kingine. Na mimi nilikuwa msomaji wa aina hiyo hasa, kwa sababu nilikuwa natafuta wa kumlaumu.

Kuna jambo jingine lililonitia shaka. Sehemu kubwa ya takwimu za namna hii hutokana na watu kuulizwa kwa simu. Mtu akiulizwa uzito wake huupunguza kidogo, akiulizwa urefu wake huuongeza kidogo. Si uongo wa makusudi. Ni namna sote tunavyojikumbuka. Mimi mwenyewe, kabla ya usiku ule wa kulinganisha simu, ungeniuliza ninatembea kiasi gani, ningekujibu bila kusita kwamba natembea sana.

## Mji uliopungua pauni milioni moja

Nilitaka kuziacha orodha, lakini mji mmoja ulinirudisha.

Oklahoma City ulikuwa umeorodheshwa na jarida moja miongoni mwa miji yenye watu wanene zaidi Marekani. Meya wake, Mick Cornett, alijipima akagundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa mnene kupita kiasi. Tarehe 31 Desemba 2007 alisimama kwenye bustani ya wanyama, mbele ya tembo, akatangaza kwamba mji mzima unaanza kupunguza uzito. Lengo lilikuwa pauni milioni moja. Watu wakajiandikisha kwenye tovuti, wakawa wanaingiza pauni walizopunguza. Januari 2012 hesabu ikafika milioni.

Waliojiandikisha walikuwa kama 47,000. Pauni milioni moja ni kilo zipatazo 450,000. Nikagawanya: wastani wa kilo tisa na nusu hivi kwa kila mtu. Aliyewahi kujaribu kupunguza hata kilo tatu anajua maana yake.

Miaka kadhaa baadaye, orodha ile ile ya miji 100 ilikuwa ikiiweka Oklahoma City mkiani kabisa.

Nilikaa na jambo hili siku nyingi. Nilijisikia vibaya kwa ajili ya watu nisiowajua. Walifanya walichoambiwa, wakafikisha lengo, na msimamo wa ligi ukasomeka kana kwamba hawakunyanyuka kitini. Baadaye nikaanza kuielewa hesabu yenyewe. Mji ulikuwa na wakazi karibu 580,000 katika sensa ya 2010. Watu 47,000 hawafiki hata mtu mmoja kati ya kumi. Uzito uliandikwa na wenyewe, bila mizani ya shahidi. Na waliojiandikisha ni wale waliokuwa na hamu tayari.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kile meya alichokiona katikati ya kampeni. Alipoanza kuufikiria unene wa watu, alijikuta anautazama mji. Ulikuwa umejengwa kwa ajili ya gari. Barabara pana, mitaa isiyo na njia ya waenda kwa miguu, umbali unaomlazimisha mtu kuwasha injini hata akienda jirani. Desemba 2009 wakazi walipiga kura kukubali kodi ya senti moja katika kila dola ya manunuzi ili kujenga bustani kubwa katikati ya mji, njia za kutembea, tramu, na vituo vya afya kwa wazee.

Yaani kampeni iliyoanza kwa kumwambia mtu apunguze mwili wake iliishia kwenye saruji. Hapo ndipo nilianza kudhani dada anaweza kuwa na hoja.

## Waliokufa wakiwa na miaka 17

Kulinganisha miji kwa afya ya watu wake si jambo jipya. Mwaka 1842 Edwin Chadwick alichapisha ripoti kuhusu hali ya afya ya vibarua nchini Uingereza, na ndani yake akaweka Manchester, mji wa viwanda, pembeni ya Rutland, eneo la mashamba. Alihesabu wastani wa umri wa waliokufa. Vibarua na mafundi wa Manchester: miaka 17. Vibarua wa Rutland: miaka 38. Kisha watu wa tabaka la juu wa Manchester, wenye nyumba nzuri na watumishi: miaka 38.

Tajiri wa mjini alikuwa sawa na kibarua wa shambani.

Niliposoma hapo nilisema, basi, dada ameshinda.

Miaka miwili baadaye, 1844, mtaalamu wa hesabu za bima aitwaye Neison alionyesha kasoro. Wastani wa umri wa waliokufa, alisema, hautegemei tu hatari ya mahali. Unategemea pia nani wanaishi hapo. Mji uliojaa vijana na watoto wachanga utazika vijana na watoto wachanga, kwa sababu ndio walioko. Eneo ambalo vijana wamelihama likabaki na wazee litazika wazee, na wastani wake utapendeza. Ukitaka kulinganisha kwa haki, linganisha mtoto na mtoto, mzee na mzee.

Neison hakusema Manchester ilikuwa mahali salama. Haikuwa, na kila aliyevuta hewa yake alijua. Alichosema ni kwamba namba ile ilikuwa imechanganya hatari ya mji na umri wa wakazi wake, na msomaji hakuwa na njia ya kuvitenganisha. Ni shaka ile ile niliyokuwa nayo kuhusu Arlington, ila yeye aliiona zaidi ya miaka 170 kabla yangu na akafanya hesabu badala ya kunung'unika.

Nikazirudia zile ngazi za ghorofa ya nne nikiwa na somo hilo. Kwa mizani ya Neison, mimi ndiye niliyepaswa kupanda vizuri zaidi. Umri ulikuwa upande wangu.

## Wastani hauishi popote

Kulikuwa na neno lililonitatiza tangu mwanzo, na sikuligundua hadi wiki ya nne. Neno lenyewe ni "wenu".

Mji wenu. Mji wa nani?

Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha mfano ambao umenukuliwa mara nyingi kwa sababu mtu akishausoma hausahau. Mtoto wa kiume wa mtaa wa Calton, katika mji wa Glasgow huko Uskoti, alitarajiwa kuishi miaka 54. Wa Lenzie, pembezoni mwa Glasgow hiyo hiyo, miaka 82. Ni kilomita chache tu kati yao, na tofauti ni miaka 28. Ukichukua wastani wa Glasgow unapata namba ya katikati ambayo haimwelezi mtoto wa Calton wala wa Lenzie.

Kitu cha aina hiyo kilionekana kwenye hatua pia. Mwaka 2017 watafiti waliokuwa na data za simu za watu zaidi ya 700,000 kutoka nchi 111 waliona wastani wa dunia ni kama hatua 5,000 kwa siku. Hong Kong walikuwa juu, karibu 6,900. Indonesia walikuwa chini, kama 3,500. Namba hizo ndizo zilizosambaa magazetini. Lakini ugunduzi wenyewe ulikuwa mwingine: unene wa watu wa nchi ulitabirika vizuri zaidi kwa kuangalia pengo kati ya wanaotembea sana na wanaotembea kidogo sana kuliko kwa kuangalia wastani. Marekani na Mexico wastani wao ulikaribiana, lakini pengo la Marekani lilikuwa kubwa zaidi, na unene pia.

Na pale pengo linapokuwa kubwa, wanaoanguka zaidi ni wanawake.

Watafiti hao waliichunguza miji 69 ya Marekani kwa kipimo kimoja cha moja kwa moja: je, mtu anaweza kufika kwa miguu sehemu anazozihitaji kila siku? Miji iliyofaa kutembea ilikuwa na pengo dogo. Watu wake wengi, wembamba na wanene, wanaume na wanawake, walitembea kiasi kinachokaribiana. Miji isiyofaa ilikuwa na wachache wanaokimbia alfajiri na wengi waliokaa. San Francisco na Fremont, zote za California, haziko mbali, lakini San Francisco ndiyo inayofaa zaidi kutembea na ndiyo yenye pengo dogo.

Hili lilinibadilishia picha ya afya ya mji. Nilikuwa nikitazama juu, kwa wakimbiaji wa marathoni na waendesha baiskeli wenye nguo za kung'aa. Nikajikuta natazama chini: yule asiye na muda, asiye na hamu ya mazoezi, anayetoka kazini amechoka. Mji unampa hatua ngapi bila yeye kuziomba?

Mtu huyo ni mimi. Na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ni sisi wengi: mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikisha mwendo unaohitajika, ambao ni dakika 150 tu kwa wiki.

## Kiuno cha suruali

Bado shaka ya Arlington haikuwa imejibiwa. Inawezekana wanaopenda kutembea ndio wanaohamia San Francisco. Inawezekana dada aliuchagua mji wake kwa sababu ni mtembezi, nami nikauchagua wangu kwa sababu sipendi.

Nilipata mfano bora wa shaka hii kwenye mabasi ya ghorofa ya London. Katika miaka ya 1940 iliyokuwa ikiisha, daktari Jerry Morris alianza kuwafuatilia wafanyakazi wa usafiri. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda mamia ya vidato vya ngazi za basi kwa siku, akikata tiketi. Basi moja, hewa moja, mshahara usiopishana sana. Mwaka 1953 matokeo yalichapishwa: makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa nadra kuliko madereva, waliougua walichelewa kuugua, na haukuwaua kwa haraka kama ulivyowaua madereva.

Angeweza kuishia hapo akapigiwa makofi. Hakuishia hapo. Akaenda kwenye rekodi za sare. Kampuni ilikuwa imeandika kipimo cha kiuno cha suruali ya kila mfanyakazi, na Morris na wenzake walichapisha vipimo hivyo mwaka 1956. Madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta, hata wale vijana kabisa ambao kiti cha dereva kilikuwa hakijapata muda wa kuwanenepesha.

Ninaipenda sana hatua hiyo. Mtu ana jibu zuri mkononi, kisha anaenda stoo ya nguo kutafuta ushahidi unaoweza kulivunja.

Jibu halikuvunjika. Baadaye walipolinganisha wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, makondakta bado walikuwa na nafuu. Lakini lilikuwa limepata ufa wa kweli: sehemu ya tofauti ilikuwepo kabla ya kazi. Watu hawagawiwi viti vya basi kwa kura. Wala miji.

Wiki hiyo nilikuwa karibu kumwandikia dada kwamba amekosea. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya ujumbe: mji hauna kosa, mimi ni dereva, wewe ni kondakta, tulizaliwa hivyo.

## Waliohama

Sikuutuma, kwa sababu nilikutana na utafiti uliofanya jambo ambalo Morris hakuweza kulifanya.

Ili kutenganisha mtu na mji, unahitaji mtu yule yule katika miji miwili. Simu zimewezesha hilo. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti waliowafuatilia watu 5,424 nchini Marekani waliohama, jumla ya kuhama mara 7,447, kati ya miji 1,609. Hatua zao zilijulikana kabla ya kuhama na baada ya kuhama. Mwili ni ule ule, hulka ni ile ile, kama ni mvivu kahama na uvivu wake.

Waliohama kutoka mji usiofaa kutembea kwenda unaofaa waliongeza hatua zipatazo 1,100 kwa siku, na ongezeko hilo halikufifia katika miezi mitatu iliyofuata.

Waliohama kwa kuelekea kinyume walipungua kwa kiasi kinachofanana.

Waliohama kati ya miji inayofanana hawakubadilika.

Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho mara tatu. Ndiyo iliyonishawishi kuliko hizo nyingine. Kama kuhama kwenyewe kungekuwa kunampa mtu ari mpya, ya maisha mapya na viatu vipya, basi hata hao wangebadilika. Wao walibaki vile vile. Kilichowabadilisha wenzao kilikuwa barabarani.

Hatua 1,100 ni kama dakika kumi na moja za kutembea. Mtu anaweza kuona ni kidogo. Mimi naona kwamba dakika hizo zilitolewa kwa kila mtu bila semina, bila kaulimbiu, bila aliyekosa nidhamu kuaibishwa mbele ya tembo wala mbele ya dada yake. Na mji hauhitaji kuhamwa ili uzitoe. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilianza 1974 kufunga baadhi ya barabara zake kwa magari, na siku hizi hufanya hivyo kila Jumapili, zaidi ya kilomita 120, na watu wanamiminika nje kwa baiskeli na kwa miguu. Ni mji ule ule wenye watu wale wale.

Ila hatua hazimalizi habari ya siha. Haziniambii shinikizo langu la damu, nguvu za mikono yangu, wala hali ya mapafu yangu. Mji unaotembeza watu katikati ya moshi unawapa kwa mkono mmoja na kuwanyang'anya kwa mwingine. Sidhani kuna namba moja itakayowahi kuubeba mji mzima. Lakini sasa ninalo angalau jibu moja ambalo halikuchanganya mtu na mahali pake.

## Wiki tatu za dada

Na jibu jingine nilikuwa nalo nyumbani muda wote.

Dada alikuja kwa kazi ya wiki tatu. Wakati ananiaga nilimwomba anionyeshe tena simu yake, nikaandika wastani wa kila wiki kwenye karatasi. Wiki ya kwanza: 7,200. Ya pili: 5,000. Ya tatu: 3,900.

"Sijabadilisha kitu," alisema, na alionekana kama mtu aliyeibiwa.

Tukaanza kukumbuka pamoja. Kwake, kutoka mlangoni hadi kituo cha basi ni dakika kumi chini ya miti, na karibu kila anachohitaji kiko njiani. Hapa kwangu, jioni ya kwanza alitaka twende kwenye bustani inayoonekana kutoka dirishani. Kwa jicho ni mita 300. Lakini kati yetu na bustani kuna barabara ya njia sita, na daraja la waenda kwa miguu liko mbali kiasi kwamba kwenda tu kulituchukua dakika 25, nusu yake pembezoni mwa magari, mahali pasipo na njia. Alivumilia wiki nzima. Wiki ya pili akaacha kwenda jioni kwa sababu hakuna taa. Wiki ya tatu akaniomba nimwitie gari.

Mimi nimeishi hapa miaka tisa. Hiyo wiki ya tatu yake sikumbuki lini niliimaliza.

Siku nne baada ya kuondoka alinitumia picha ya simu yake bila neno: 9,140.

Wiki iliyopita nilishuka kwa ngazi saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na daftari, nikasimama ukingoni mwa barabara ile, mkabala na bustani, kwa nusu saa. Nilitaka kuiandikia halmashauri barua ya kuomba kivuko, na sikutaka kuandika malalamiko matupu. Waliovuka kwa kukimbia kati ya magari walikuwa 41. Wanawake walikuwa 12, wawili kati yao wakiwa na watoto mgongoni. Waliofika ukingoni, wakasubiri, kisha wakakata tamaa walikuwa saba. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye mkongojo na viatu vya michezo vyeupe. Alisubiri dakika tisa, akitoa mguu mmoja barabarani na kuurudisha. Kisha akageuka, akarudi polepole alikotoka.